Lori Siku Hizi Lina Macho: Vifaa Vinavyosimamia Magari ya Mizigo na Haki ya Dereva

Ukisimama Miritini usiku ukatazama malori yanavyotoka bandari ya Kilindini kuelekea bara, utaona kontena, dereva na tanboi wake. Huoni kijisanduku kilichofichwa nyuma ya dashibodi, ambacho kila baada ya muda mfupi humwambia tajiri aliyelala nyumbani kwake lori liko wapi na laenda kasi gani. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na tangu hapo ushindani wa kupata mizigo umewafanya wenye malori wengi wasake kila njia ya kupunguza hasara. Vifaa hivi ni mojawapo ya njia hizo. Kwa kuwa nyumba nyingi hapa Pwani hula kutokana na lori, yafaa sote tujue vinafanya nini na vinakosea wapi.

Traka hufanyaje kazi?

Traka ina sehemu mbili. Moja husikiliza mawimbi ya satelaiti za GPS. Ikipata satelaiti nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua lori lilipo. Ya pili ni laini ya simu, sawa na ile iliyo mfukoni mwako, inayotuma habari hizo kwenye kompyuta ya kampuni. Ndiyo maana lori likipita pahali pasipo na mtandao huganda kwenye skrini kana kwamba limesimama. Traka nzuri huhifadhi kumbukumbu na kuzituma zote mtandao ukirudi. Asiyelijua hili humpigia dereva simu akimuuliza kwa nini amelala njiani, na kumbe mwenzake yuko usukani.

Mafuta ndiyo vita vikubwa

Tajiri yeyote atakwambia kinachomnyima usingizi ni dizeli. Zamani tulitumia kijiti cha kutumbukiza tangini na imani. Sasa kuna kihisi, ufito wa chuma unaowekwa ndani ya tangi kupima kina cha mafuta. Kina kikishuka ghafla gari likiwa limesimama, ofisi hupata ujumbe kwamba mafuta yananyonywa.

Kifaa hiki kimekomesha wizi mwingi, lakini kina udhaifu wake. Hupima kina mahali pamoja tu ndani ya tangi. Lori likiegeshwa mteremkoni, mafuta huhamia upande mmoja na kihisi huona yamepungua. Na tangi lisipopimwa hatua kwa hatua siku ya kufunga kifaa, hesabu zitakuwa na kasoro tangu mwanzo.

Hili nimelishuhudia mwenyewe. Nilipomaliza diploma niliajiriwa na kampuni moja ya uchukuzi, kazi yangu kupanga safari. Asubuhi moja skrini ilionyesha lita 45 zimetoweka kwenye lori lililolala Mazeras. Dereva wake alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu. Akatukanwa kwenye simu na kuambiwa akirudi aache funguo. Alijibu kwa upole: "Mwanangu, hayo mafuta yamo. Njooni mpime." Siku tatu baadaye ndipo mtu alipotumwa kupima. Lori likasogezwa kwenye tambarare, kijiti kikatumbukizwa, na mafuta yalikuwemo yote. Hakuna aliyemuomba radhi. Mzee alidai jambo moja tu, alipwe zile siku tatu alizokatwa. Mimi ndiye niliyeiona ile skrini wa kwanza na kuipeleka juu bila kuuliza lori limeegeshwaje, na mpaka leo naona haya nikikutana naye msikitini.

Injini, tairi na uchovu

Malori ya kisasa yana kompyuta ya injini. Ukiiunganisha na traka, ofisi huona joto la injini, dizeli inayochomwa, breki zinazokanyagwa kwa nguvu na dalili za ubovu kabla gari halijakwama Mackinnon Road usiku wa manane. Vihisi vya upepo wa tairi navyo hutoa onyo mapema. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na joto hilo ndilo hupasua tairi lori likiwa limebeba mzigo juani.

Malori mengi tuliyonunua yakiwa yametumika Ulaya yalikuja na takografu, kifaa kinachorekodi muda wa dereva kuendesha na kupumzika. Huko, malori mapya yalilazimika kuwa na takografu ya kidijitali tangu Mei 2006, na dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45. Hapa kwetu nimeona vingi vya vifaa hivyo vikibaki pambo la dashibodi.

Lakini nasi tuna sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa 24. Sasa tupige hesabu. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Mwendo wa juu wa lori ni kilomita 80 kwa saa. Ukitoa milima, foleni na mizani, dereva akipata wastani wa kilomita 50 amefanya vyema. Hapo safari ni zaidi ya saa tisa za usukani. Tajiri anayetaka mzigo ufike Nairobi kabla jua halijatua, na dereva ni mmoja, amemuagiza avunje sheria. Kumbukumbu za traka zinazomshtaki dereva kwa kuchelewa zinaweza kumshtaki tajiri vilevile.

Kamera inayokutazama usoni

Jipya zaidi ni kamera yenye akili mnemba. Moja huangalia barabara, nyingine humwangalia dereva. Programu yake imefunzwa kutambua macho yanayofumba, miayo, kushika simu na kutofunga mkanda. Ikiona dalili hupiga king'ora ndani ya gari na kutuma kipande cha video ofisini. Kwa barabara yetu ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo imetuzikia jamaa wengi, king'ora cha kumwamsha dereva ni neema. Lakini miwani ya jua na mwanga hafifu huweza kuichanganya kamera. Tena dereva hulala ndani ya lori lake, hubadilisha nguo humo na husali humo. Kamera isiyozimwa wakati wa mapumziko imeingia chumbani mwake.

Serikali nayo inafuatilia

Mwaka 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa njia ya elektroniki. Kontena linalopita kwenda nchi nyingine hufungwa lakiri yenye GPS, na maafisa huifuatilia kutoka vituo vya Nairobi, Kampala na Kigali. Lakiri ikichezewa au lori likiacha njia, kikosi kilicho karibu hutumwa. Faida yake ni kwamba mizigo haihitaji tena kusubiri msafara wa kusindikizwa na askari. Huko Mariakani, malori hupimwa kwanza yakiwa katika mwendo, na lile linaloshukiwa ndilo huitwa kwenye mizani ya kusimama. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu uzito usiozidi tani 56 kwa lori la ekseli saba.

Kikomo hicho ndicho kimojawapo cha vizuizi vya lori la umeme kwa safari ndefu, kwa sababu betri nzito hula nafasi ya mzigo. Umeme umetangulia kwenye mabasi ya mjini. BasiGo ilianza na mabasi yake Nairobi mwaka 2022, kwa mpango ambao mwenye basi hulipia betri kwa kila kilomita. Mpango kama huo hauwezekani bila kifaa kinachohesabu kilomita na kutuma habari.

Haki ya dereva

Madereva wengi hawajui kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu. Mwajiri anapaswa kukueleza anakusanya habari gani juu yako na kwa nini. Una haki ya kuomba uzione na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake, ingawa kina hali zake za kutengwa. Ukinyimwa haki yako, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Kwa wenye malori, nina maombi manne kabla hamjanunua vifaa. Muulizeni fundi kama atalipima tangi hatua kwa hatua. Hakikisheni kamera ya ndani huzimwa dereva akipumzika. Andikeni kwenye mkataba wa kazi kwamba hakuna anayekatwa mshahara kabla mtu hajaenda kukagua gari kwa macho yake. Na wakusanyeni madereva muwaonyeshe skrini, waone nyinyi mnaona nini.

Kwa madereva: ukiegesha pahali penye mteremko, piga picha ya gari na geji ya mafuta, uitume ofisini usiku huohuo. Yule mzee wa Mazeras hakuwa na simu ya kupiga picha. Wewe unayo.