Mkate wa kumimina: utamu wa kwetu unaopimwa kwa jicho

Mkate wa kumimina ni mkate mtamu wa mchele unaopikwa Unguja, Pemba na mwambao wa Afrika Mashariki. Wapo wanaouita mkate wa sinia. Jina lenyewe linajieleza: haukandwi wala hausukumwi, unamiminwa. Hapa Mpendae, kama mitaa mingine ya Ng'ambo, hupikwa zaidi mwezi wa Ramadhani, na kila nyumba huamini wa kwake ndio wenyewe. Katika makala hii tunaeleza unavyopikwa, kwa nini wakati mwingine hugoma kuumuka, na kwa nini ni vyema kuandika vipimo vyake sasa.

Vitu vinavyohitajika

Ni vichache: mchele, tui zito la nazi, sukari, hamira na iliki. Kipimo cha kuanzia ni vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 cha sukari, kikombe 1 na nusu cha tui, kijiko 1 cha chai cha hamira na nusu kijiko cha iliki. Wengine huongeza ute wa yai uliopigwa kabla ya kumimina.

Mchele hulowekwa usiku kucha, huchujwa maji, kisha husagwa pamoja na tui mpaka ulainike kabisa. Ukibaki na chenga, mkate utakuwa na mchanga mdomoni. Mchanganyiko huachwa uumuke, kisha humiminwa kwenye sufuria iliyopashwa moto na kupakwa mafuta kidogo.

Kwa nini hulala?

Hamira hula sukari na kutoa gesi. Katika mkate wa ngano, gesi hiyo hushikwa na ule mnato wa unga uliokandwa. Mchele hauna mnato huo, kwa hiyo kinachoshika mapovu ni uzito wa uji wenyewe. Ukizidisha tui, mapovu hupanda juu na kupotea, na mkate hulala. Ukiuacha uumuke kupita kiasi, hupanda kisha hushuka, na uchachu huingia. Ndiyo maana mpishi mzoefu haangalii saa. Anaangalia mapovu.

Moto wa juu nao una kazi yake. Uji huu ni mzito, na moto wa chini peke yake huunguza kitako kabla juu hakujakauka. Kwa jiko la mkaa, moto wa chini hupunguzwa, kisha makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Mwenye jiko la gesi huanza kwa moto mdogo na kumalizia kwenye oveni yenye moto wa juu.

Ndugu yake wa mayai, na jamaa wa Ujerumani

Mkate wa mayai hauna hamira kabisa. Mayai na sukari hupigwa kwa muda mrefu mpaka viwe vyeupe na vizito, kisha unga wa ngano huchanganywa taratibu. Hewa iliyomo kwenye mayai ndiyo inayouinua. Wajerumani wana mkate wa aina hiyo hiyo, wanauita Biskuit, nao ni msingi wa keki zao nyingi za nyumbani. Wao hunywa kahawa ya alasiri kwa keki. Sisi hunywa kahawa chungu kwa haluwa au kashata. Tofauti kubwa ni kwamba mapishi yao mengi huandikwa kwa gramu, yetu hukaa kichwani na mkononi.

Mtu aliyezijua nchi zote mbili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924, na inaelezwa kuwa alizikwa na mchanga aliouchukua Zanzibar. Mambo mengi ya maisha ya zamani ya kisiwa hiki tunayajua kwa sababu yeye aliyaandika.

Kuandika kabla hayajapotea

Muulize bibi kiasi cha tui, atakujibu: "Tia mpaka uone limetosha." Jibu hilo ni sahihi kwake, kwa sababu jicho lake lina miaka mingi ya kazi. Kwa mjukuu anayepika Dar es Salaam, Maskati au London, halimsaidii.

Njia nyepesi ni hii: siku anapopika, kaa naye jikoni na kikombe kimoja. Kila anachotaka kutia, kipime kwanza ndipo atie. Andika pia muda wa kuumuka na hali ya hewa, maana siku ya joto hamira hukimbia. Rudia mara mbili au tatu. Ukimaliza, utakuwa na mkate wa nyumba yenu kwenye karatasi, na bado utamhitaji bibi akuoneshe mapovu.