Matumbawe laini (utunzaji nyumbani)

Matumbawe laini ni wanyama wa baharini wasiojenga mifupa ya mawe. Kila polipu ina vikono vinane, na nyingi zina mwilini mwani mdogo unaozilisha kwa mwanga. Huku Ipagala, Dodoma, mbali na pwani, maji ya bahari hukorogwa: takriban gramu 35 za chumvi maalumu kwa lita ya maji yaliyosafishwa. Maji ya visima vya Makutupora yana madini, yachujwe kwanza. Hewa kavu ndiyo kero kubwa: maji ya tangini hupungua, chumvi hubaki, hivyo tangi hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Joto liwe nyuzi 24–27; usiku wa Julai haupitiki bila kipasha maji. Sarcophyton, jenasi ya matumbawe laini, huweza kujifunga siku kadhaa, ikavua utando kama nta. Mgeni wa ufugaji huu hudhani imekufa, akaitupa.