Majina ya Watu wa Kazi

Programu ya kusimamia miradi, iwe Trello, Asana au nyingine yoyote, haikuachi uende mbali kabla ya kuuliza: huyu unayemwongeza ni nani? Kwa mwenye ofisi Kalangalala, mjini Geita, jibu halienei kwenye visanduku viwili vitatu alivyowekewa. Programu inamjua mfanyakazi, na inamjua mtu wa nje. Mji unamjua kibarua, fundi, saidia fundi, mtu wa tempo, deiwaka, mzabuni, mkandarasi, na huko kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, mchimbaji anayesubiri mgao. Wote hawa wanafanya kazi ya mtu mwingine bila kuwa na ajira ile yenye barua na pensheni. Lakini kazi ikiharibika, hasara haiwaangukii kwa namna moja, na ukiyasikiliza majina yao utasikia kila mmoja inamwangukia vipi.

Kibarua ni jina kongwe. Ni barua iliyofanywa ndogo, yaani cheti. Pwani, karne ya 19, watumwa waliokodishwa na mabwana wao kwa ujira wa siku waliitwa vibarua. Jina la cheti likahamia kwa mtu. Ukoloni ukaleta kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na Wasukuma waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kompyuta imemgeuza mtu kuwa namba ya utambulisho amechelewa sana. Huku Kanda ya Ziwa, babu zetu walikwenda mkonge wakiwa namba na wengine hawakurudi. Siku hizi neno kibarua limepanda cheo. Waandishi wa michezo wanaweza kuandika kwamba kibarua cha kocha wa mamilioni kimeota nyasi, na msomaji haoni ajabu. Fundi haandikiwi hivyo. Akifukuzwa saiti anaondoka na ufundi wake, na kesho yuko saiti nyingine.

Lakini fundi naye ana mpaka wake. Anaweza kuisimamisha nyumba kuanzia msingi hadi bati la mwisho, na bado si mkandarasi. Mkandarasi ni neno la sheria: tangu Sheria Na. 17 ya 1997, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ndiyo inayoamua nani aitwe hivyo, na kwa daraja gani, kuanzia la kwanza hadi la saba. Katikati ya wawili hawa serikali ilifungua njia inayojulikana kila kijiji kwa jina la fosi akaunti. Shule au halmashauri inanunua saruji, nondo na mabati yenyewe, fundi analipwa hela ya ufundi tu. Sehemu kubwa ya madarasa 15,000 ya fedha za Uviko, mwaka 2021 hadi 2022, ilijengwa hivyo. Ni neno baya kwa sura, halina asili ya Kibantu wala ya Kiarabu, lakini nalipenda, kwa sababu kila anayelitumia anajua hasara ni ya nani: saruji ikiganda stoo, si ya fundi.

Mwaka 2023 ukaja NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, na fundi wa mtaani akatakiwa ajisajili humo kama mzabuni. Hapa ndipo istilahi inapouma. Kuzabuni ni kutaja bei, kama mnadani. Neno linamtazama mtu kabla ya kazi, akiwa anashindana kwa tarakimu. Fundi ni neno linalomtazama baada, ukuta ukiwa umenyooka au umepinda. Mfumo unaweza kuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo, na uwazi ni mojawapo. Lakini sifa ya kwanza aliyokuwa nayo fundi yule mtaani kwake haina kisanduku.

Sheria ya kazi, cha ajabu, ina sikio zuri kuliko programu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haijali umemwandika kama nani kwenye mkataba. Inauliza: nani anampangia saa? Vitendea kazi ni vya nani? Anamtegemea mtu mmoja kwa riziki yake? Hata jibu moja likielekea upande wa ajira, anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo bosi anayebofya "mtu wa nje" mbele ya jina la dereva anayemwita kila alfajiri aendeshe gari la bosi mwenyewe, hajajikinga na kitu.

Kwenye duara ndiko visanduku vinakwisha kabisa. Pana mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Mchimbaji hana mshahara wa saa wala wa kazi: analishwa, anashuka, na mawe yakitoka wanagawana mifuko kwa makubaliano ya mahali hapo. Mwamba ukiwa mtupu, mwenye duara amepoteza chakula na baruti, mchimbaji amepoteza miezi. Yote yamo kwenye daftari, na mwenye daftari hakuwahi kuhitaji neno moja la kuwaita wote.

Safu za programu nazo zina mambo. "Haijaanza, inaendelea, imekamilika." Fundi ujenzi ana msingi, boma, lenta, kupaua na umaliziaji, na kila hatua ina malipo yake. Boma hasa, zile kuta zilizosimama bila paa, si kazi inayoendelea. Ni kazi iliyosimama ikisubiri fedha, pengine miaka, ndiyo maana ripoti za serikali hutaja ukamilishaji wa maboma kama mradi unaojitegemea. Programu itaionyesha kwa rangi ya njano siku zote hizo na kumtumia fundi vikumbusho.

Wafasiri wanapendekeza "mfanyakazi huru" kwa mchora nembo au mtengeneza tovuti asiye na mwajiri. Sijamsikia mtu Geita akijiita hivyo, na sishangai. Huru kwa Kiswahili bado linamkumbuka mtumwa, na vibarua wa kwanza walikuwa hao hao. Vijana husema "napiga kazi zangu mwenyewe", maneno manne yanayotosha. Na ile safu ya "aliyekabidhiwa kazi", ningepewa nafasi ya kuitafsiri kwa ajili ya mafundi, ningeandika "aliyepokea advansi". Kabla ya hapo hajakabidhiwa chochote, na yeye anajua hivyo.