Kipenzi pepe: nani yumo ndani?

Ukipepeta mpunga, punje zinazoruka kwanza kutoka kwenye ungo ni pepe: ganda zima, ndani hamna kitu. Neno hilo limeshazoeleka kwenye barua pepe na uhalisia pepe, na sasa linaitiwa kazi ngumu zaidi, kumtaja mwimbaji asiye na mwili ambaye watu hukata tiketi kwenda kumwona jukwaani. Tungeweza kumwita msanii pepe au nyota pepe na tukaeleweka. Mimi napendelea kipenzi pepe, na sababu yangu iko Japani.

Wajapani huwaita wasanii wa aina hii aidoru, neno lililoenea kwao miaka ya 1960 pamoja na filamu moja ya Kifaransa aliyoigiza Sylvie Vartan. Neno la Kiingereza lililo nyuma yake tukilitafsiri moja kwa moja tunaangukia sanamu, na hapo msikitini na kanisani watatukazia macho. Lakini aidoru haabudiwi, wala si lazima awe hodari wa kuimba. Kundi la AKB48, lililoanzishwa mwaka 2005 katika ukumbi mdogo wa Akihabara jijini Tokyo, lilijitangaza kuwa la wasichana unaoweza kukutana nao. Shabiki alinunua CD akapata nafasi ya kumshika mkono ampendaye, akapata pia karatasi ya kumpigia kura. Alimwona akianza bila kujua kitu, akamtazama akikua, akajihesabu kuwa na mkono katika mafanikio yake. Nyota huangaza mbali. Huyu ni kipenzi.

Kupendwa hivyo kuna gharama. Mwaka 2013 msichana mmoja wa kundi hilo alinyoa kichwa na kuomba radhi kwenye video huku akilia, kwa sababu gazeti lilimnasa akitoka nyumbani kwa mwanamume. Alikuwa mtu mzima, na hakuvunja sheria yoyote ya nchi. Miaka miwili kabla ya hapo kundi lilikuwa limemtambulisha msichana mpya, Eguchi Aimi, aliyetokea kwenye tangazo la barafu tamu za Glico. Baadaye ikatangazwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo: uso wake uliunganishwa kwa kompyuta kutoka nyuso za wenzake sita, macho ya huyu, pua ya yule. Ulikuwa mzaha wa biashara, ila ulisema wazi kile ambacho soko lilikuwa likikitamani: msichana asiye na nyumba ya kutoka usiku.

Hatsune Miku, hata hivyo, hakuumbwa kwa tamaa hiyo. Tarehe 31 Agosti 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilitoa sokoni programu ya kutengeneza sauti ya kuimba, iliyotumia teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha. Mwigizaji wa sauti Saki Fujita alirekodiwa, sauti yake ikakatwakatwa vipande vidogo, na mnunuzi akawa anaandika maneno na noti, kompyuta inaimba. Ili boksi livutie, mchoraji KEI alichora msichana mwenye mikia miwili mirefu ya nywele za samawati-kijani. Kampuni ilimpa miaka 16, kimo cha sentimita 158 na uzito wa kilo 42. Zaidi ya hapo karibu hakuna: hana wazazi, hana kisa, hana tabia iliyoandikwa.

Na hapo ndipo pepe inapostahili jina lake bila kuwa tusi. Ganda lilikuwa tupu, watu wakalijaza. Siku chache tu baadaye mtu alimpandisha kwenye mtandao wa video wa Nico Nico akizungusha kitunguu kirefu cha majani huku akiimba wimbo wa Kifini, na kitunguu hicho, ambacho hakikuwa kwenye boksi wala kwenye mpango wa kampuni, hakikumtoka tena mkononi. Crypton nayo ilikuwa na busara ya kuweka masharti yanayoruhusu watu kumchora na kumtumia bila kuomba ruhusa, mradi si kwa biashara. Matokeo yake, Miku wa huzuni ni wa mtunzi mmoja na Miku wa vichekesho ni wa mwingine, na wote wawili ni halali. Msanii wa damu na nyama hawezi kugawanywa hivyo. Ana maoni yake, ana siku zake mbaya, na ana haki ya kukataa wimbo.

Kuhusu jukwaani, niondoe kosa linalorudiwa sana: ile si hologramu. Ni picha inayorushwa na projekta kutoka nyuma kwenye kioo kinachopitisha mwanga, huku wanamuziki halisi wakipiga vyombo pembeni. Mwaka 2024, katika ziara ya Amerika ya Kaskazini, kioo kiliachwa ikatumika skrini ya kawaida ya LED, na mashabiki wakalalamika. Wanajua fika kwamba hayupo. Walichodai ni asimame pale na wenzake, si ndani ya televisheni kubwa.

Aina ya pili inaivuruga istilahi yetu. Kizuna AI alianza mwishoni mwa mwaka 2016 kama mtangazaji wa video: umbo la katuni, lakini kila akitikisa kichwa kuna mwanadamu aliyevaa vihisio anayetikisa chake. Wajapani humwita naka no hito, mtu wa ndani. Mwaka 2019 waandaaji walianza kulipa umbo lilelile sauti za watu wengine, wakidhani mashabiki wamelipenda ganda. Mashabiki wakaja juu. Mwaka uliofuata ikatangazwa rasmi kwamba sauti ya kwanza ni ya Kasuga Nozomi, naye akapewa nafasi ya mshauri wa mradi. Pepe hii ilikuwa na kiini, na wateja walikitambua kwa sikio.

Kwa hawa ningetumia msanii wa kinyago. Wamakonde, wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, wana mapiko, ngoma ambayo mchezaji hufunikwa kichwa na mwili, na asiyepitia jando hapaswi kujua ni nani anayecheza. Akicheza vizuri husifiwa vizuri, bila kuulizwa sura, umri wala ametoka nyumba gani. Mvuto wa Plave, kundi la vijana watano wa Korea Kusini lililoanza mwaka 2023, ni wa namna hiyo. Mitambo ikikosea na mkono wa mmoja ukajipinda kinyume, watazamaji hucheka naye, naye hucheka, na kicheko ni chake mwenyewe.

Tofauti na mapiko iko kwenye umiliki. Tarehe 1 Mei 2025 msanii wa kinyago Gawr Gura, aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 4 kwenye YouTube, aliaga kampuni ya Cover. Desturi yao huita kuondoka huko kuhitimu. Jina, umbo na chaneli vilibaki kwa kampuni. Mtu wa ndani alitoka na sauti yake.