Batobato ya Tumbaku na Elimu ya Nuru

Wewe uliyeko pwani huenda tumbaku waijua kwa uraibu tu, na uraibu una hukumu yake, si ya leo. Huku Mfaranyaki, Songea, tumbaku ni shamba. Wakulima wake waliunda chama chao cha ushirika, Ngoni-Matengo, mwaka 1936. Basi alinijia mkulima mmoja na jani lenye mabaka ya manjano, akitaka jirani yake asomewe Halbadiri kwa kulitupia shamba jicho. Jina la jirani alikwisha kulitangaza sokoni.

Nikamwambia jani hili lina historia. Mwaka 1892 Ivanovsky, Mrusi, aliuchuja utomvu wa jani kama hilo kwa chujio linalozuia bakteria, nao ukaambukiza vile vile. Mwaka 1935 Stanley wa Marekani akakipata kirusi chenyewe kikiwa fuwele, mithili ya chumvi. Kumbe ni kijiti: panga 3,000 msururu mmoja, hawatimizi milimita.

Lakini utakijuaje kikiwa majini, ambamo vijiti huzunguka ovyo? Hapo ndipo sumaku ilipoingia. Chembe moja ya protini huihisi sumaku kidogo mno. Ndani ya kijiti kimoja zimo zaidi ya 2,000, zimepangwa kwa taratibu moja, na nguvu zao hujumlika. Sumaku ikiwa kali kweli kweli, vijiti hujipanga safu kama maamuma. Ipitishe humo nuru iliyochujwa itetemeke upande mmoja tu: mwendo wake kwa urefu wa vijiti si sawa na kwa upana. Tofauti hiyo ikipimwa, hueleza chembe za ndani zimeelekea wapi.

Faraday, Mwingereza, aliona mwaka 1845 sumaku ikigeuza nuru. Cotton na Mouton wa Ufaransa wakaendeleza mwaka 1907. Mwaka 1981 Torbet na Maret walichapisha vipimo vya namna hii vya Pf1 na fd, virusi vyembamba kama uzi vinavyoshambulia bakteria. Na nyuma yao wote yuko Al-Hasan bin al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11, na neno la nuru hakulikubali mpaka alijaribu.

Nikamwuliza mkulima: waiosha mikono utokapo mche hadi mche? Maana kirusi hiki hubebwa kwa mikono, hata kwa tumbaku anayovuta mtu shambani. Akanyamaza, akaitazama mikono yake. Kisha akaniuliza amwendee jirani kabla ya Alasiri au baada yake.