Programu Isiyovunjika Mambo Yakibadilika

Najua humu kuna wengi mnajifunza kuandika programu, kwa hiyo leo naweka somo ambalo wengi wanalipita haraka: unaandikaje programu itakayokubali mabadiliko?

Chukua mfano wa Kenya. Tarehe 1 Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Sasa fikiria programu ya duka ambayo namba 16 imeandikwa sehemu arobaini. Ukisahau moja tu, risiti inatoka na kodi ya uongo, na anayebanwa ni mwenye duka. Ukizibadilisha zote kichwa kichwa, mauzo ya mwezi uliopita nayo yanapigwa upya kwa kodi mpya! Dawa zake ni hizi:

1. Kiwango kikae sehemu moja, nje ya mahesabu, pamoja na tarehe kinapoanza na kinapokwisha. Programu iulize: siku ya mauzo haya VAT ilikuwa ngapi?

2. Ficha kinachoweza kubadilika. Mwaka 1972 David Parnas alieleza kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Risiti na ripoti zipewe jibu tu, zisijue VAT inapigwaje.

3. Andika majaribio yanayojiendesha yenyewe. Ukigusa kitu, unajua palipoharibika kabla mteja hajakupigia simu.

4. Acha nafasi. Programu za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana kumbukumbu. Ilipokaribia 2000 dunia ikatumia mabilioni ya dola kuzirekebisha. Na bado kuna 2038: programu zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32 zitafika kikomo tarehe 19 Januari 2038. Zinatakiwa kuhamia biti 64.

Angalizo: usitake kila kitu kibadilike, utaishia na programu nzito ambayo hata wewe huielewi. Mimi naanza na vile ambavyo tayari vimeshawahi kubadilika: kodi, bei, sheria. Vingine acha viwe rahisi, ili atakayekuja baada yako aweze kuvisoma na kuvirekebisha.

Haya, programu ya ofisini au dukani kwenu imezika namba gani ndani? Mwageni maoni hapo chini.