Chachu ya Tangi, Si Chujio la Kibiolojia

Istilahi "chujio la kibiolojia", wanayofundishwa wafugaji wa samaki wa matangi, ina kasoro ambayo kamati makini ingeiona kabla ya kufunga kikao. Kuchuja ni kutenga yabisi na kimiminika, na vyote viwili hubaki vilivyokuwa: chai ya Mufindi au ya Tukuyu ikichujwa, majani ni majani na chai ni chai. Bakteria wa tangini, waliofafanuliwa na mwanabiolojia Sergei Winogradsky mnamo 1890 hivi, hawatengi kitu. Wao huigeuza amonia, sumu itokayo hasa kwenye matamvua ya samaki, kuwa nitriti, na wenzao huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi.

Neno linalostahili ni "chachu". Limetokana na kitenzi chacha, kilichozaa pia chachuka na chachua, na maana inayoyaunganisha yote ni badiliko litokalo ndani ya kitu chenyewe. Ndiyo sababu unga huchachuka, na magazeti huandika "chachu ya maendeleo" bila kungoja idhini ya mtaalamu yeyote. Huko Iringa, ulanzi, yaani pombe ya mianzi, ulioteremshwa ukiwa mtogwa, yaani mtamu, hugeuka kuwa mkangafu, yaani mkali, kwa kazi ya viumbe wasioonekana. Wanaodai kwamba chachu inanuka uozo, kwa kuwa chakula kilichochacha kimeharibika, wanasahau kwamba mkate nao umeumuliwa kwa chachu, na inasikitisha kwamba hoja dhaifu kiasi hicho bado inasikilizwa.

Kosa la jina huzaa kosa la mkono. Pale Matema, ambako Milima ya Livingstone inashukia Ziwa Nyasa, mbuna, samaki wadogo wenye rangi kali, hukwangua kwa meno utando unaoteleza juu ya mawe. Utando wa namna hiyo, wa rangi ya kahawia, hutanda pia kwenye sponji ya tangi, na humo ndimo chachu inamokaa, wala si katika maji. Aliyefundishwa "chujio" huuona kuwa uchafu, akausugua kwa maji ya bomba yenye klorini siku anayohamisha samaki, na kuiua chachu. Na kwa kuwa maji wayapendayo mbuna yana ualkali, ambao huzidisha ukali wa amonia, baada ya siku chache samaki huonekana wakitweta juu ya maji.

Kwa matumizi, inatosha kusema kwamba sponji na mawe ya tangi la zamani huhamishwa pamoja na samaki yakiwa mabichi, husuuzwa kwa maji ya tangi hilohilo yasiyo na klorini, na samaki hulishwa kidogo kwa siku kadhaa; chachu inayoanzishwa upya huchukua wiki 4 hadi 6, na katika baridi ya Juni na Julai huko Mbeya huchelewa zaidi.